Epoke, noema, Dasein: nianzie wapi?

SWALI: Habari za kazi kaka. Nasoma falsafa mwaka wa pili, muhula huu tumeingia kwenye fenomenolojia na nimekwama kabisa. Intensionaliti, epoke, noesisi, noema, mara Dasein, yote nimekariri kwa ajili ya testi ila ukiniambia nieleze kwa maneno yangu siwezi. Alafu rafiki yangu anasema epoke ni kushuku kila kitu kama alivofanya Descartes, ni kweli? (Msomaji, Iringa)

JIBU: Asante mdogo wangu. Naona umeanza kukariri majina kabla hujaonyeshwa yanataja nini, na kwenye fenomenolojia, yaani falsafa inayochunguza jinsi vitu vinavyotujia kwenye fahamu, kukariri kunaumiza kweli maana Edmund Husserl mwenyewe, aliyeianzisha na vitabu vyake vya 1900 na 1901, alichodai ni turudi kwenye vitu vyenyewe. Kwa hiyo weka notsi pembeni, chukua kikombe weka mezani.

Unaona nini? Kikombe. Sasa angalia vizuri, kinachoonekana ni ule upande ulioelekea kwako tu, nyuma huoni, kitako huoni, na bado hata siku moja hujasema naona nusu kikombe. Unaona kikombe kizima, ule upande wa nyuma upo kwenye kuona kwako kama kitu unachokitarajia, ndo maana ukikigeuza ukakuta nyuma kina tundu unashtuka. Kaa na hilo kwanza, usikimbie.

Intensionaliti inaanzia hapo: fahamu siku zote ni fahamu ya kitu fulani, ukiona unaona kitu, ukiogopa unaogopa kitu. Husserl alilipata wazo hili kwa mwalimu wake Franz Brentano, aliyeliandika 1874. Noesisi ni kile kitendo chenyewe, kuona, kukumbuka, kutamani, na noema ni kikombe kama kinavyokujia kwenye kitendo hicho, kiko hapa mbele yako, au ni kile cha jana, au ndo kile unachokitamani dukani. Kuhusu noema wataalamu wenyewe bado wanabishana, wapo wanaosema ni kitu chenyewe kama kinavyoonekana na wapo wanaosema ni maana tunayopitia kukifikia kitu, kwa hiyo ukiona vitabu viwili vinapingana usijilaumu.

Sasa epoke. Rafiki yako hajalitoa hewani, Husserl alimheshimu sana Descartes, yule mwanafalsafa Mfaransa aliyeanza kwa kushuku kila kitu, na mwaka 1929 alitoa mihadhara Paris akianzia kwake kabisa, lakini kushuku siyo epoke. Ukishuku kikombe unauliza kama kweli kipo. Kwenye epoke huulizi hivo, hukatai wala hukubali, ile imani yetu ya kila siku kwamba dunia ipo tu unaisimamisha, huitumii. Husserl alisema unaiweka kwenye mabano, na kumbuka huyu mtu udaktari wake wa 1883 ulikuwa wa hisabati, namba ikiingia kwenye mabano haifutiki. Kikombe kiko palepale mezani, kilichobadilika ni swali lako, sasa unauliza kinakujiaje mpaka unakichukulia kwamba kipo. Kwa maoni yangu hili ndo swali zuri kuliko yote aliyotuachia na linastahili wiki nzima ya darasa, siyo dakika tano.

Dasein usiichanganye humo, ni ya Martin Heidegger, kitabu chake cha 1927. Yeye anasema hatuishi tukivikodolea macho vitu hivo, fundi anapogonga misumari nyundo haimjii kichwani kabisa mpaka mpini ulegee au nyundo imwelemee, hapo ndo anaiona. Dasein ni sisi, viumbe ambao kuwepo kwetu ni suala kwetu wenyewe na ambao tayari tumo ndani ya dunia yenye shughuli. Mwanafalsafa Mfaransa Merleau-Ponty naye 1945 akaleta mwili, kipofu aliyezoea fimbo yake hahisi fimbo mkononi, anahisi njia pale inapogusa ncha.

Kabla ya testi fanya hili: sikiliza wimbo unaoupenda, usimamishe katikati ya mstari. Noti iliyopita bado unayo kwa namna fulani japo haisikiki, na inayofuata ulishaanza kuingoja. Ile ya kwanza Husserl anaiita ritensheni, ya pili protensheni. Andika ulichokiona kwa Kiswahili chako, ukishamaliza ndo urudi kwenye notsi, na ukikwama tena niandikie.