Kelele za Kugongagonga Chini ya Gari: Mashauri kwa Fundi Anayeanza

Fundi mgeni akisikia kwamba gari linagongagonga chini, kitu cha kwanza anachokitaka ni jeki. Hapo ndipo kazi inapoanza kuharibika, kwa sababu gari likishanyanyuliwa na injini kuzimwa, kelele yenyewe haipo tena, na kinachobaki ni uvungu wenye kutu, bushi (raba za kwenye viungio) zilizochakaa kiasi na bolti za kila aina, ambamo kila kitu kinaonekana kustahili lawama. Nimeyaona magari yaliyobadilishwa shokapu zote mbili za mbele, kisha stabilaiza linki (vijiti vinavyoishika stabilaiza, ile fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona), kisha bushi, na mwenye gari akaondoka na kelele ileile aliyokuja nayo, ilhali kilichokuwa kinalia ni kipande cha bati ambacho klempu moja ingekituliza. Kabla hujajua ni kitu gani kinacholia, jua kwanza kinalia wakati gani. Wakati wa kelele hukueleza ni nguvu gani inayokitikisa kifaa hicho: mzunguko wa injini, mzunguko wa magurudumu, au mapigo ya barabara.

Kwa hiyo anza kwa kumhoji mwenye gari. Muulize kama kelele husikika gari likiwa limesimama, likiwa la baridi au limeshapata moto, kwenye barabara laini au kwenye mashimo, wakati wa kukata kona, wakati wa kukanyaga breki au wakati wa kuziachia. Halafu muulize swali ambalo mafundi wengi hulisahau: gari lilifanyiwa matengenezo gani mara ya mwisho, na lini. Kelele iliyoanza mara tu baada ya matengenezo hutafutwa kwanza pale mkono wa fundi ulipopita. Kinga ya plastiki ya chini ya injini iliyorudishwa bila klipu zake zote baada ya kumwaga oili hupigapiga kwa upepo gari linapokwenda kasi, na nati za gurudumu zilizoshikizwa kwa mkono kisha zikasahaulika hugonga kwa sauti nzito ambayo haingojei uchunguzi mwingine wowote. Nati hizo zikague kwa spana kabla ya kulitoa gari kwa majaribio, hata kama mwenye gari anaapa kwamba hazijaguswa.

Jambo moja tu usilichukue kuwa ushahidi, nalo ni mahali mwenye gari anaponyooshea kidole. Sakafu ya gari ni chuma, na chuma hupitisha mtetemo mbali, hata mlio wa mafla ya nyuma ukasikika chini ya kiti cha dereva, na watu wawili waliokaa ndani ya gari moja wakataja pande mbili tofauti bila hata mmoja wao kudanganya.

Kabla ya kwenda barabarani, toa kila kitu kilichomo kwenye buti: tairi la akiba, jeki, spana ya magurudumu na vinginevyo. Inaonekana kuwa ni jambo la kitoto, lakini jeki iliyolegea kwenye kikalio chake hutoa mlio wa chuma kwa chuma ambao hata fundi mzoefu anaweza kuudhania kuwa wa linki iliyokwisha. Kisha mwache mtu mwingine aendeshe, nawe usikilize ukiwa umekaa mbele, halafu nyuma, kulia na kushoto. Ukipata njia iliyo karibu na ukuta, piteni polepole hali madirisha yamefunguliwa, kwa kuwa ukuta huurudisha mlio wa upande ule na kuutenganisha na kelele za ndani ya gari. Mkirudi, upande wa pili nao utapata zamu yake.

Kipimo cha kwanza, ambacho hakihitaji hata kutoka uwanjani, ni kuliacha gari limesimama, gia ikiwa nyutro na breki ya mkono imevutwa, kisha kupiga resi polepole sana. Mlio ukitokea hapo, magurudumu na sespensheni vimeshatoka kwenye orodha ya washukiwa, nawe umejiokolea nusu ya kazi. Angalia pia kama mlio unatokea kwenye kiwango kimoja tu cha mzunguko, kisha unapotea ukiongeza au ukipunguza kidogo. Tabia hiyo ni ya kitu chepesi na chembamba kinachotikisika kwa kasi yake chenyewe, na mara nyingi kitu hicho ni bati la kukinga joto lililofungwa juu ya bomba la ekzosi.

Mabati haya yanastahili kuzungumzwa kwa kirefu, kwa kuwa ni miongoni mwa vyanzo vya kawaida kabisa vya kelele za chini, nayo hudharauliwa mno. Ni mabati membamba ya chuma au aluminiamu, yaliyoshikwa na bolti ndogo ambazo hupata moto na kupoa kila siku, hupigwa na maji na matope, kisha huliwa na kutu hadi tundu linakuwa pana kuliko kichwa cha bolti. Bolti bado ipo mahali pake, imekaza barabara, nawe ukiitazama kwa tochi utaona kila kitu ni kizima. Ila ukilisukuma bati kwa kidole, linacheza. Ndiyo maana uvungu haukaguliwi kwa macho peke yake. Bomba likiwa limepoa kabisa, pita na nyundo ya raba au ngumi iliyovaa glovu, ukigonga kidogokidogo kila bati, kila kishikizo na kila raba inayoning'iniza ekzosi, mpaka usikie ule mlio uliousikia barabarani. Tafuta pia alama zinazoachwa na msuguano: palipogusana chuma kwa chuma huwa pameng'aa wakati pembeni pote pana kutu na vumbi, na bolti inayocheza huzungukwa na unga mwembamba wa rangi ya kahawia. Alama hizo mbili zimenionyesha vyanzo vingi zaidi kuliko sikio.

Dawa ya bati lililotanuka tundu ni washa pana (kipete bapa cha chuma) chini ya kichwa cha bolti, au klempu ndefu ya chuma kisichoshika kutu inayozungushwa bati na bomba kwa pamoja. Kuling'oa na kulitupa ni njia ya mkato ambayo siikubali hata kidogo, ingawa ni kweli kwamba kelele itakwisha. Masega ya ekzosi, yaani kile kifaa kinachosafisha moshi, hufanya kazi katika joto la nyuzi 400 hadi 800 za Selsiasi, na bati lile ndilo linalozuia joto hilo lisiunguze sakafu, mipira ya breki, mabomba ya mafuta au nyasi kavu pale gari linapoegeshwa.

Masega yenyewe nayo hulia. Ndani yake mna kauri yenye vijitundu vingi, ambayo hupasuka ikigongwa na jiwe, au huungua na kuyeyuka pale injini inapokosa kuchoma mafuta vizuri na mafuta mabichi yakaenda kuwakia huko. Ukigonga ganda lake likiwa la baridi utasikia kama kokoto zikitikisika ndani ya kopo, na hapo huna sababu ya kutafuta zaidi. Vipande vikisogea vikaziba njia ya moshi, gari hupoteza nguvu, hasa kwenye mwinuko; kwa hiyo mwenye gari akilalamika mambo hayo mawili kwa pamoja, yaunganishe. Lakini usibadilishe masega bila kujua kilichoyaua, kwani plagi au koili mbovu iliyoyaunguza ya kwanza itayaunguza na ya pili.

Kwa gari la otomatiki, kama mlio unasikika likiwa limesimama hali gia ya kwenda mbele au ya kurudi nyuma imeingizwa, na kwenye nyutro unakwisha, zishuku mauntini za injini, yaani vishikizo vya raba vinavyoibeba. Raba zake zikilegea, injini huegemea upande mmoja inapobeba mzigo, na bomba la ekzosi linakwenda kugusa bodi. Kwa gari la gia za kawaida, pedali ya klachi itakusaidia: mlio unaosikika kwenye nyutro na kupotea klachi inapokanyagwa unatoka upande wa giaboksi, na ule unaoanza inapokanyagwa unaelekea kwenye beringi ya klachi.

Ukija upande wa barabara, mlio unaosikika tu kwenye vishimo vidogo, kwa mwendo wa polepole, aghalabu ni wa stabilaiza linki. Hapa pana mtego unaowanasa wageni wengi. Ukinyanyua gurudumu moja tu, stabilaiza hujipinda, linki zote mbili zinakazwa na nguvu hiyo, na ulegevu uliokuwa unautafuta unajificha. Utaitikisa linki kwa mkono nayo itatulia tuli, kisha uitangaze kuwa nzima. Ikague pande zote mbili zikiwa katika hali moja, ama magurudumu yote mawili yamekanyaga chini au yote mawili yananing'inia. Shaka ikibaki, zifungue linki zote mbili, zifunge pembeni zisiguse kitu, kisha endesha taratibu kwenye barabara ileile. Kelele ikitoweka umepata jibu kabla ya kununua kifaa chochote. Kumbuka tu kwamba gari hilo litalala zaidi kwenye kona, hivyo jaribio hilo si la mwendo kasi.

Boljointi (kiungio cha duara kinachoshikilia gurudumu kwenye sespensheni) na beringi ya gurudumu hukaguliwa kwa kulishika tairi juu na chini na kulisukuma kwa zamu, na ncha za tairodi (fimbo zinazogeuza magurudumu usukani ukikatwa) kwa kulishika kushoto na kulia. Tairi likicheza juu na chini, mwambie mwenzako akanyage breki huku wewe ukiendelea kusukuma: likitulia, tatizo liko kwenye beringi, likiendelea kucheza, liko kwenye boljointi au sehemu nyingine ya sespensheni. Mahali pa kuweka jeki napo pana maana. Kama springi imekalia mkono wa chini wa sespensheni, nyanyua chini ya mkono huo ili uzito uondoke kwenye boljointi. Kama springi imezunguka shokapu, acha gurudumu lining'inie. Boljointi inayocheza kupita kiasi ikichomoka, gurudumu hulala na usukani hauna kazi tena. Gari la namna hiyo halitoki karakana, hata mwenyewe akiwa na haraka kiasi gani.

Kelele zinazofuata kasi ya magurudumu huwa rahisi zaidi kuzitenga, kwa sababu hazijali gia iliyomo. Kijiwe kilichonaswa kati ya diski na bati lake la vumbi hukwaruza kwa ukali na kumtisha mwenye gari bure. Pedi za breki zilizokosa vispringi vyake hugongagonga barabarani, kisha hunyamaza breki zikiguswa kidogo tu. Kwangu hiki ni kipimo cha haraka kuliko vyote. Mlio wa kukatakata unaotokea usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho huku gari likivuta ni wa jointi ya nje ya ekseli, na mpira wake uliochanika, wenye grisi iliyorukia ndani ya rimu, utakuthibitishia.

Kuna milio miwili inayodhaniwa kuwa ya chini ilhali si ya huko. Ule mwembamba wa chuma unaosikika gari likipanda mlima kwa gia kubwa mara nyingi ni wa mafuta kuwaka vibaya ndani ya silinda, na hakuna nati ya uvunguni itakayouondoa. Mwingine ni mlio mzito wa kugonga wa ndani ya injini unaozidi mzigo ukiongezeka. Taa ya presha ya oili ikiwaka pamoja nao, zima injini papo hapo wala usilijaribu gari tena.

Katika yote haya usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Liweke kwenye ardhi tambarare, zuia magurudumu yaliyobaki chini, weka stendi, kisha lisukume kwa nguvu kabla hujalala. Injini ikihitaji kuwaka wakati unasikiliza, iwe mahali wazi, maana kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Na badala ya kusogeza kichwa karibu na ekzosi au mikanda inayozunguka, tumia kipande kirefu cha mpira wa maji, ncha moja sikioni na nyingine ukiisogeza taratibu karibu na unachokishuku.

Ukishatengeneza, rudi barabara ileile, kwa mwendo uleule, na kama kelele ilikuwa ya asubuhi gari likiwa la baridi, basi liache lilale usilijaribu lingali na moto. Si ajabu kelele kubwa ikiondoka ukasikia ndogo iliyokuwa imefunikwa, na mwenye gari aelezwe hivyo mapema asije akadhani umemharibia. Bolti za bushi zikaze mwisho kabisa, gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake, kwa sababu zikikazwa magurudumu yakining'inia, raba hubaki imejipinda na haichukui muda kuchanika. Nati za magurudumu uliyoyafungua zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100, nazo bolti za ekzosi baada ya bomba kupata moto na kupoa mara kadhaa, kwa kuwa gasketi mpya hujibana kidogo na kuziacha zikilegea.