Kabla ya kukunja DNA, ikunjue boti yako

Wengi wanaoingia kwenye fani hii ya kukunja nyuzi za DNA kuwa maumbo madogo mno huja na haraka. Wameona picha ya kisanduku cha DNA chenye kifuniko, nao wanataka kutengeneza chao kesho. Mimi huwapa karatasi kwanza.

Kunja boti, ile ile ya utotoni. Ikiwa bado bapa, kabla hujaipanua, ikunjue yote uitandaze mezani. Mkunjo uliotuna kukuelekea uite mlima, uliobonyea uite bonde. Chagua nukta moja inapokutana mikunjo, isiwe ya ukingoni, kisha hesabu. Ile mikunjo ya kuwekea alama tu, isiyotumika kwenye umbo la mwisho, iache. Utakuta milima na mabonde vinapishana kwa 2, si zaidi si pungufu: 3 kwa 1, au 4 kwa 2. Pima na pembe zinazoizunguka nukta hiyo. Jumlisha moja, ruka moja, utapata digrii 180.

Najua, inaonekana hesabu ya kitoto. Lakini mchoro unaoshindwa hapo hautalala bapa hata uubembeleze vipi, na ni nafuu kulijua hilo kwa kalamu kuliko kwa wiki tatu za karakana.

Baada ya hapo jifunze mkunjo wa Koryo Miura, Mjapani wa mambo ya anga. Ni safu za misambamba. Ukivuta pembe mbili zinazokabiliana, karatasi nzima hufunguka kwa mpigo mmoja. Mwaka 1995 Japani ilirusha chombo cha Space Flyer Unit kikiwa na paneli ya sola iliyokunjwa kwa mtindo huo. Nami nikajaribu kuuiga kwa vipande vya mbao vya milimita 3. Vikagongana kabla havijafika hata nusu! Hesabu za karatasi huuchukulia unene kuwa sifuri, ila mbao haina habari hiyo. Siku hizi nikitumia kitu kinene huanza kwa kuamua bawaba zikae upande gani wa kila kipande, na nafasi kiasi gani iachwe kati yao. Umbo baadaye.

Sasa DNA. Neno "kukunja" hapa linadanganya, maana hakuna mkono unaokunja. Paul Rothemund, wa California Institute of Technology, mwaka 2006 alichukua uzi mrefu wa kirusi M13, wenye besi (zile "herufi" za DNA) zaidi ya 7,000, akauchanganya na vipande vifupi zaidi ya 200. Kila kipande ni kama pini: sehemu yake moja hunasa hapa, nyingine hunasa mbali kule, na uzi ukavutwa ukajikunja. Unapasha moto, unapoza taratibu, basi. Alipata nyota, pembetatu, hata nyuso zinazotabasamu za upana wa nanomita 100 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Kwa hiyo kufikiri kote humalizika kabla kichupa hakijapata moto; ukishakiweka huna la kurekebisha.

Kosa langu la kwanza halikuwa hata la usanifu. Nilisahau magnesiamu kwenye mchanganyiko. Nyuzi za DNA zina chaji hasi, husukumana, na magnesiamu ndiyo inayozituliza zikubali kubanana. Kwenye jeli, ile ya kutenganisha DNA kwa ukubwa kwa kutumia umeme, badala ya mstari mmoja safi, nikaona ukungu mrefu. Nikakaa wiki mbili nikibadilisha pini ambazo hazikuwa na hatia. Kwa hiyo ukiona ukungu, tengeneza kimiminika upya kabla hujagusa mchoro.

Mchoro ukishafika zamu yake, anza na msokoto. Uzi pacha wa DNA huzunguka mara moja kwa kila jozi za besi 10.5 hivi. Ukipanga pini zako kwa namba iliyo mbali na hiyo, shuka ulilolitarajia liwe bapa litajipinda kama mkeka uliolowa. Na ukifika kwenye hadubini, usipige picha ya lile umbo moja zuri tu. Hesabu na yaliyovunjika, uandike ni mangapi na yamevunjikia wapi. Yakivunjikia mahali pamoja, pini za hapo ndizo za kukaguliwa.