Plaiwudi au mbao nzima kwa rafu ya vitabu? Pima nafasi kwanza

Mkuu, umeuliza ipi ina nguvu zaidi kwa rafu ya vitabu ya sentimita 90, plaiwudi au mbao nzima. Nimetengeneza za aina zote mbili, na bado sijaona rafu ya vitabu iliyokatika katikati. Zinabonyea tu. Kwa hiyo tuzungumzie ugumu wa kupinda.

Kwa unene uleule, mbao nzima iliyonyooka nyuzi kwa kawaida hushinda, maana nyuzi zake zote zinafuata urefu wa rafu. Plaiwudi ni matabaka yaliyopishana, na yale yanayokatiza hayasaidii sana kuzuia mbonyeo. Ndiyo maana ukiikata, nyuzi za tabaka la juu lazima zifuate urefu wa rafu. Wapo mafundi wanaokata vyovyote ili shiti isibaki vipande, halafu rafu ikibonyea lawama zote ni za plaiwudi!

Ila urefu na unene vina uzito kuliko aina ya mbao. Ukitoka milimita 18 kwenda 25, ugumu unapanda zaidi ya mara mbili na nusu. Ukipunguza nafasi kati ya nguzo kutoka sentimita 90 hadi 60, huku vitabu vimejaa vilevile, mbonyeo unabaki kama moja ya tano tu.

Kwa rafu yako ya sentimita 90, mimi ningetumia plaiwudi ya milimita 18, kisha mbele nigandishe kwa gundi kibao cha mbao nzima kilichosimama wima, kimo sentimita 4. Kibane kwa klampu mpaka gundi ikauke. Kinaficha matabaka na ndicho kinachobeba kazi kubwa. Nyuma weka ukanda wa mbao uliofungwa ukutani, rafu iukalie.

Mbao nzima pana hutanuka na kunywea kwa upana, na isipokauka vizuri inajikunja. Plaiwudi imetulia zaidi, lakini skrubu ikiingia ukingoni bila kutoboa kwanza inatenganisha matabaka.

Halafu usipime rafu kwa kuikalia siku ya kwanza. Mzigo ukikaa miezi, mbonyeo unaongezeka hata kwa mbao nzuri. Kama haina kibao cha mbele na hujaifunga kwa skrubu, igeuze juu chini mara mojamoja.