Mzee kawekewa stenti na anajisikia mzima: kwa nini asiache dawa

Mleta mada, pole na mzee, na hongera kwa kumfikisha hospitali akiwa hai. Nimesoma uzi wote. Kwa wanaoingia sasa: baba yake ana miaka 61, mwezi uliopita alipata mshtuko wa moyo, akapelekwa Dar, mshipa ukazibuliwa na akawekewa stenti ya kuuweka wazi. Sasa yuko nyumbani Korogwe, anakula, anatembea, kifua hakiumi. Shangazi mtu anasema rundo lile la vidonge litammaliza figo, ayaache, anywe maji ya kitunguu saumu na ndimu. Halafu mdau wa hapo juu kakoleza kwamba dawa hizo zimepimwa kwa wazungu, sisi hazituhusu.

Asiache. Hasa aspirini na klopidogreli, zile za kuzuia damu isigande, asiruke hata siku moja mpaka aliyemwekea stenti aseme mwenyewe. Hilo ndilo jibu. Yanayofuata ni sababu zake, maana najua ukimwambia shangazi "mtandaoni wamesema" atakucheka.

Mimi ni muuguzi. Kuna kipindi niliazimwa na timu ya utafiti hospitalini nilipokuwa nafanya kazi, na kazi yangu ilikuwa simu. Mgonjwa wa moyo akisharuhusiwa, ukipita mwezi nampigia, na baadaye nampigia tena. Fomu ilikuwa na maswali mengi lakini yote yalisubiri la kwanza: yu hai? Bila shaka huulizi hivyo. Unasema, "Shikamoo mama, napiga kutoka hospitali, namuulizia mzee." Kisha unanyamaza. Ukiambiwa "huyu hapa, ngoja nimpe simu," unashusha pumzi. Ukiulizwa "kwani wewe ni nani?" kwa ile sauti ya chini, mkono unaanza kusogea kwenye kisanduku cha pili kabla mtu hajamaliza kueleza.

Waliokuwa wamefiwa walinieleza mengi kuliko fomu ilivyotaka. Maneno yaliyojirudia yalikuwa haya: alikuwa anaendelea vizuri tu. Dawa zilikuwa zimeisha, na kwa kuwa alikuwa amepona, hawakuona haja ya kwenda kununua nyingine. Sikatai kwamba hela nayo ilikuwa shida, sana tu. Lakini hata wenye bima na wenye watoto wanaotuma pesa waliacha, kwa sababu hiyohiyo, kwamba mtu haumwi.

Hili haliko kwetu peke yetu. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowafuatilia watu 500 waliopata mshtuko wa moyo kisha wakawekewa stenti zilizopakwa dawa. Ndani ya siku 30 za kwanza, 68 kati yao walikuwa wameshaacha kidonge cha kundi la klopidogreli. Katika miezi 11 iliyofuata, walioacha walikufa asilimia 7.5, walioendelea asilimia 0.7. Mtu makini atasema walioacha walikuwa wazee zaidi na waliokwepa hospitali kwa kuogopa gharama walikuwa wengi zaidi miongoni mwao, kwa hiyo pengo lote si la kidonge. Ni kweli. Ila sababu ya msingi inaeleweka: stenti ni kijiwavu cha chuma, chembamba kama springi ya kalamu, na kwa miezi kadhaa mwili unakuwa haujakifunika vizuri kwa ngozi ya ndani ya mshipa. Chembe sahani za damu zikikikuta kitupu zinajirundika, damu inaganda, na mshipa unaziba palepale ulipozibuliwa. Mzee hatasikia chochote wakati hilo linaandaliwa.

Ndiyo maana kwenye ugonjwa huu mimi siamini kabisa kipimo cha "najisikia vizuri". Dawa ya malaria unaijua imefanya kazi kwa kuwa homa imeshuka. Dawa za moyo baada ya mshtuko hazina homa ya kushuka. Kinachojulisha kama zinafaa ni kuhesabu watu: kundi hili limepewa, lile halikupewa, mwisho wa mwaka wangapi wanapokea simu.

Na kuhesabu kumewaumbua mpaka madaktari wenyewe. Zamani ilionekana kwamba waliopona mshtuko wa moyo na mapigo yao yakawa yanarukaruka, ndio waliokuwa wakifa ghafla zaidi. Basi zikatolewa dawa za kutuliza mapigo, enkainidi na flekainidi. Ukipima ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, mapigo yametulia kabisa. Mgonjwa kafurahi, daktari kafurahi. Marekani wakaja kulipima jambo hilo kwa utaratibu, utafiti ulioitwa CAST: watu 755 wakapewa dawa hizo, 743 wakapewa kidonge kitupu kisicho na dawa. Ilibidi sehemu hiyo isimamishwe mwaka 1989 kabla ya wakati wake. Hesabu zilipokamilika, waliokufa upande wa dawa walikuwa 63, upande wa kidonge kitupu 26. Karatasi ya ECG ilikuwa nzuri na watu walikuwa wanakufa. Kwa hiyo shangazi akisema kitunguu saumu kinasafisha mishipa, na akaeleza kwa mantiki tamu, muulize swali lilelile ambalo wale wataalamu waliulizwa: walihesabiwa wapi? (Kitunguu saumu kwenye mchuzi hakina neno. Kunywa maji yake vikombe kwa vikombe juu ya aspirini na klopidogreli kunaweza kumuongezea hatari ya kuvuja damu.)

Sasa kwa mdau wa "tafiti za wazungu". Kuna kisa nakipenda. Mwaka 1988 watafiti wa Oxford walichapisha utafiti wa mshtuko wa moyo ulioitwa ISIS-2, wagonjwa 17,187 katika hospitali 417 za nchi 16. Aspirini peke yake kwa mwezi mmoja ilipunguza vifo kwa karibu robo, na ikichanganywa na streptokinasi, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, vifo vya wiki 5 vilishuka kutoka asilimia 13.2 hadi 8.0. Wahariri wa jarida wakataka matokeo yachambuliwe kundi kwa kundi. Watafiti wakakubali kwa shingo upande, ila nao wakaongeza kundi lao: nyota za kuzaliwa. Ikaonekana kwamba waliozaliwa chini ya nyota ya Mapacha na ya Mizani aspirini haikuwasaidia! Upuuzi, na ndicho walichotaka kionekane. Ukikata watu vipande vidogo vidogo, hukosi kipande ambacho dawa itaonekana imeshindwa. Anayesema "sisi tuko tofauti" inabidi aeleze ni kitu gani ndani ya damu yetu kinachoifanya aspirini iache kuzuia chembe sahani zisishikane.

Utafiti wa INTERHEART wa mwaka 2004 ulioongozwa na Salim Yusuf ulipita nchi 52, zikiwemo za Afrika, na visababishi vikuu vilikuwa vilevile kila mahali: sigara, mafuta mabaya kwenye damu, presha, sukari, kitambi na vingine vichache. Tofauti iliyojitokeza kwa Waafrika weusi ni kwamba presha ilikuwa na nguvu zaidi. Hiyo ni sababu ya kumeza dawa, si ya kuacha.

Ila kuna mahali mdau yuko sahihi, japo si alipokusudia. Tofauti yetu kubwa iko mlangoni mwa hospitali. Watafiti wa hospitali ya KCMC Moshi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke walichapisha kazi yao mwaka 2020. Walichofanya ni rahisi: mtu mzima akifika idara ya dharura analalamika kifua au kukosa pumzi, apimwe ECG na troponini (kipimo cha damu kinachoonyesha kama misuli ya moyo imeumia), bila kungoja kwanza daktari ashuku moyo. Kati ya wagonjwa 681, wenye mshtuko wa moyo walikutwa 152. Wengi wao katika utaratibu wa kawaida hawakutambuliwa, na waliopewa hata aspirini ni wachache. Ndani ya siku 30 zaidi ya 40 kwa kila 100 walikuwa wamefariki. Linganisha na Uswidi, ambako utafiti wa oksijeni uliochapishwa 2017 kwa watu 6,629 waliodhaniwa kuwa na mshtuko wa moyo ulikuta kwamba mwaka mzima baadaye waliokufa ni kama 5 kwa kila 100, wawekewe oksijeni wasiwekewe. Wale walichaguliwa, hawakuwa mahututi, kwa hiyo mizani si sawa kabisa. Hata hivyo pengo ni la kutisha.

Na hapa nyumbani naijua sura yake. Mama mtu mzima, ana sukari, amekuja na jasho jembamba kwenye paji la uso, anasema chembe cha moyo kinawaka na anahisi kutapika. Ameshakunywa dawa ya maji ya vidonda vya tumbo, chupa nusu, toka jana. Mtu wa namna hiyo hashiki kifua kama kwenye sinema. Mwenye sukari anaweza asisikie maumivu kabisa, akawa anahema tu. Asipopimwa ECG anarudi nyumbani na omeprazoli ya tumbo.

Muda nao una hesabu yake. Italia mwaka 1986, utafiti wa GISSI, wagonjwa zaidi ya 11,000: waliopewa streptokinasi ndani ya saa 1 tangu maumivu yaanze walikufa asilimia 8.2, wenzao wasiopewa 15.4. Baada ya saa 6 faida haikuonekana. Sasa fikiria wewe Korogwe, saa nane usiku, unatafuta gari. Yaani mjadala wa gari ufanyike leo, mzee akiwa mzima: nani ana gari, namba yake ipo kwenye simu ya nani, hospitali ipi ina mashine ya ECG inayofanya kazi. Akishikwa tena, atafune aspirini (miligramu 300, yaani zile ndogo za miligramu 75, nne) kama haimdhuru na hana kidonda kinachovuja damu, na safari ianze. Msingoje kukuche.

Kuhusu figo, shangazi asidharauliwe, kwa kuwa enalaprili, dawa ya presha na moyo, kweli inataka vipimo vya figo na potasiamu mwanzoni na kila baada ya muda. Peleka mzee apimwe, umwonyeshe majibu. Lakini kama mzee ana magoti, uliza anameza nini. Mara nyingi ni diklofenaki, dawa ya maumivu ya duka la dawa, ya kila siku, na hakuna ndugu anayeihesabu kama dawa. Hiyo ndiyo inayoumiza figo, na kwa mtu aliyetoka kwenye mshtuko wa moyo ni mbaya hata kwa moyo wenyewe. Atumie paracetamol, amwambie daktari.

Hela: dawa zikipunguzwa kwa sababu ya bei, apunguze daktari, siyo mzee kujichagulia. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 uliwafuatilia watu 5,855 waliotoka kwenye mshtuko wa moyo, karibu nusu yao wakapewa dawa bure, na kwa hao waliozimeza ipasavyo waliongezeka asilimia chache tu. Kwa hiyo hata ukizinunua zote, bado kuna kazi ya kumtazama akimeza. Kifuko chenye vyumba vya siku saba kinasaidia, na mjukuu mmoja mwenye kelele anasaidia zaidi.

Mwisho, umeandika kwamba kaanza kikohozi kikavu usiku. Msikimbilie dawa ya kikohozi. Enalaprili huwafanya hivyo baadhi ya watu, na daktari anaweza kumbadilishia losartani. Ila kama akilala chali anakosa hewa, au miguu imeanza kuvimba, hilo ni jingine, aende kesho asubuhi. Ukirudi hapa tuandikie majina ya dawa na miligramu zake kama zilivyo kwenye boksi, na tarehe ya kliniki ijayo.