Maswali ya Wasomaji: Siku moja ya kuutembea mji wa Unguja

SWALI: Assalaamu alaikum, Mhariri. Mimi ni msomaji wenu wa Wete. Mwezi ujao nitavuka kuja Unguja kwa ajili ya harusi, pamoja na rafiki yangu tuliyesoma naye skuli, ambaye hajawahi kutoka Pemba. Tutafikia kwa shangazi yangu, Kikwajuni, na shughuli zitatuachia Alkhamisi moja tu ya kuutembea mji. Mimi napenda mambo ya historia. Mwenzangu anasema majengo ya kale hayaliwi, na anachotaka yeye ni maduka na vyakula. Je, siku moja inatosha? Tuanzie wapi ili tusije tukagombana njiani? Na kuna haja ya kumlipa mtembezaji?
– Msomaji, Wete

JIBU: Waalaikumu salaam, dada yetu. Siku moja haitoshi kuumaliza mji, na wanaojaribu kuumaliza ndio wanaorudi nyumbani jioni hawasemeshani. Ushauri wangu ni kwamba mchague mahali pachache mpape muda wa kutosha, na kwamba mahali pamoja pawe upande wa Ng'ambo, yaani mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, ambao wageni wengi, na hata Waunguja wenyewe wanapowatembeza jamaa zao, huuruka kana kwamba mji unakomea Darajani. Mji Mkongwe uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na ulistahiki. Lakini wengi wa waliobeba mizigo yake, waliopika katika majumba yake na walioimba nyimbo zake walilala upande wa pili, na mpenzi wa historia hawezi kuwaacha nje.

Tokeni mapema, mkapitie kwanza Soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904. Mnada wa samaki wa asubuhi una raha yake, ila msikae sana, maana mtu wa Wete haonyeshwi jodari. Mwenzio huenda akacheka atakapoona karafuu, ambazo kwa sehemu kubwa hutoka kwenu, zimetiwa katika vifuko vidogo na kuuzwa kwa watalii kwa bei ambayo mkulima wa Pemba hajapata kuiota.

Kutoka hapo nendeni Mkunazini, kabla makundi ya wageni hayajajaa, na hapo ndipo ningependa mtumie muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Kanisa Kuu la Anglikana limesimama palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873 baada ya Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, kukubali, kwa shinikizo la Waingereza, mkataba uliopiga marufuku kusafirisha watumwa kwa njia ya bahari. Ujenzi wake ulisimamiwa na Askofu Edward Steere, yule yule aliyeandika kitabu cha mafunzo ya Kiswahili, na inasimuliwa kwamba altare imewekwa pale uliposimama mti waliofungwa watumwa wakachapwa. Uani mtaona sanamu za watu waliosimama shimoni na minyororo shingoni, kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, na katika jengo la jirani mtateremka kwenye vyumba vya chini vyenye dari fupi, ambamo mtu mzima hawezi kunyoosha mgongo.

Mwambie mwenzio kwamba hii si historia ya Unguja peke yake. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo kisiwa chenu kikawa ndicho chenye zao hilo kwa wingi, na haja ya watu wa kulima na kuchuma ikahamia huko. Kwa hiyo soko lilipofungwa, biashara ya siri ya kuvusha watu hadi Pemba kwa majahazi iliendelea kwa miaka, na utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria katika visiwa hivi mpaka mwaka 1897. Anayetoka Wete akasimama Mkunazini anatazama mlango ambao pengine wazee wa baadhi ya majirani zake waliupitia, na sidhani kwamba baada ya hapo mtu atasema majengo ya kale hayana faida.

Mkitoka, shikeni vichochoro vya Hurumzi kuelekea baharini na msiogope kupotea: mji huu umezungukwa na bahari upande mmoja na Barabara ya Mkapa upande mwingine, hivyo mtu akienda moja kwa moja hatimaye hutokea penye mwangaza. Tazameni milango ya kuchongwa, iliyonyooka juu kwa mtindo wa Kiarabu na iliyopinda kwa mtindo wa Kihindi, kisha muingie katika duka lolote lililo ndani ya nyumba ya zamani na kuinua macho darini. Kuta zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari hubebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti haipatikani ndefu sana, vyumba vya majumba hayo, hata ya matajiri, ni virefu na vyembamba.

Beit al-Ajaib itawapa huzuni kidogo. Jumba hilo alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883 liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020, kwa hiyo litazameni kwa nje tu, kisha mpumzike Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Oman baada ya Wareno kufukuzwa. Ufuko huo wa bahari ndio uliopigwa mizinga na manowari za Uingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita ambavyo havikufika hata saa moja.

Baada ya adhuhuri kuleni urojo. Mimi huupendelea wa mitaani kuliko wa mahoteli, wenye bhajia, kachori, chipsi za muhogo na chatine, na ukali wa embe usiofichwa.

Alasiri ni zamu ya mwenzio, na wewe usimnunie. Kanga na vitambaa vitafuteni Mchangani, kisha mvuke barabara mwende Mlandege, mkikumbuka kwamba zamani mkono wa bahari ulipita hapo kati na watu walivuka kwa daraja. Huko huko Ng'ambo ndiko alikoishi Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyepelekwa Bombay mwaka 1928 kurikodi nyimbo za taarab. Pandeni hadi Michenzani mkayaone majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, katika mpango wa Rais Abeid Amani Karume uliosaidiwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Wapo wanaoyaona mabaya, nami sioni hivyo, kwa sababu waliohamia humo wengi wao walitoka katika vibanda vya udongo. Kutoka hapo Kikwajuni ni karibu, basi wekeni mizigo kwa shangazi, ndipo mteremke Forodhani. Mkiwahi kabla jua halijazama mtawakuta vijana wakipiga makachu, yaani kujirusha baharini, kutoka ukutani. Kwa chakula cha pale, ulizeni bei kabla sahani haijajaa, na mishikaki na juisi ya miwa ina nafuu kuliko kamba wanaopangwa kwa ajili ya watalii.

Kuhusu mtembezaji, mlipeni mmoja tu, yule mtakayemkuta Mkunazini kwenye vyumba vya watumwa, kwa kuwa bila maelezo mtu huona ghala tupu. Kwengine kote hamna haja naye. Papasi wa Forodhani, wale wanaowaandama wageni wakitaka kuwatembeza, wakisikia mnavyozungumza watawaacha wenyewe. Msisahau vitambulisho vyenu vya Mzanzibari Mkaazi, maana kiingilio cha mwenyeji hakilingani na cha mgeni, na mvae viatu vya bapa.