Je, mtoto aliyechanjwa anaambukiza?

SWALI: Mwanangu wa wiki 6 amechanjwa jana: matone mdomoni na sindano mapajani. Usiku akapata homa. Shoga yangu anasema kwa wiki mbili mtoto "atamwaga" chanjo, nimtenge na mama mkwe wangu anayetibiwa saratani. Ni kweli?
Mzazi, Kirumba, Mwanza

JIBU: Hongera ya mtoto, mama. Shoga yako ameshika nusu ya jambo. Sindano zile, ya pentavalenti (chanjo moja ya kukinga magonjwa matano) na ya nimonia, hazina kijidudu hai. Hakuna cha kumwagika. Matone ndiyo yenye virusi hai vilivyodhoofishwa, vya polio na vya rota (kirusi cha kuharisha). Huzaana utumboni na kutoka na kinyesi: vya rota kwa wingi karibu na siku ya 7, vya polio hata kwa wiki 6.

Usimtenge mtoto. Virusi hivi husafiri zaidi kwa mikono, kutoka kinyesini hadi mdomoni. Kila ukibadilisha nepi, nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, hadi chini ya kucha. Kibuyu chirizi kinatosha, beseni la pamoja linarudisha uchafu. Kinyesi kiende chooni, na maji ya kufulia nepi pia. Tunasisitiza: msifulie nepi ziwani, maana hatua chache tu kutoka hapo kuna mwenzenu anachota maji ya kunywa. Mama mkwe ampakate mjukuu wake, ila nepi awaachie wengine kwa wiki hizo 6, na daktari wake ajulishwe.

Kupooza kutokana na matone ya polio kupo, ila ni nadra mno: takriban kisa 1 katika dozi milioni 2.7. Hatari kubwa zaidi ni mtaa wenye watoto wengi wasiochanjwa, ambako virusi hivyo huzunguka miezi mingi hadi vikarudia ukali. Basi matone ya wiki ya 10 na ya 14 msiyaruke.

Homa ya siku moja au mbili ni kawaida baada ya pentavalenti. Mtoto wa kilo 5 hupewa mililita 2.5 za parasetamoli ya maji (ile ya miligramu 120 kwa mililita 5), kila baada ya saa 6 homa ikiwepo, isizidi mara 4 kwa siku. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya chai havilingani. Akikataa kunyonya, akipata degedege, akilegea, au homa ikivuka siku ya pili, rudini kituoni siku hiyo hiyo na kadi yake.