Akaunti Si Yako, Basi Jina Liwe Lako

Kabla hujaendelea kusoma, fanya jambo moja. Ingia kwenye akaunti unayoitegemea kuliko zote, fungua mipangilio, tafuta sehemu ya kupakua data yako, kisha bonyeza. Faili likifika, lihifadhi nje ya akaunti hiyo. Halafu urudi tuendelee.

Mimi sikulifanya hilo kwa miaka tisa. Nilikuwa nikifundisha hisabati kwenye ukurasa wangu katika mtandao mmoja wa kijamii: sehemu, milinganyo, jiometria, somo moja kila juma. Siku moja nikajaribu kuingia, nikaambiwa akaunti imefungwa kwa kukiuka kanuni. Kanuni gani, sikuambiwa. Nilikata rufaa mara nne, na mara zote nne jibu lilikuwa lilelile, neno kwa neno, hadi nikaamini kwamba hakuna binadamu aliyewahi kulisoma shauri langu. Masomo zaidi ya mia nne yakapotea, pamoja na maswali ya wanafunzi chini yake, ambayo kwangu yalikuwa na thamani kuliko masomo yenyewe.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuwa na njia ya kuwafikia wasomaji wangu. Walikuwa maelfu, na sikuwa na anwani ya hata mmoja, isipokuwa watu 42 ambao kwa nyakati tofauti waliwahi kuniandikia baruapepe. Hao ndio nilioanza nao upya.

Hapo ndipo nilipoanza kuiheshimu baruapepe. Ray Tomlinson alituma baruapepe ya kwanza kutoka kompyuta moja kwenda nyingine mwaka 1971, akatumia alama ya @ kutenganisha jina la mtu na jina la mashine, na tangu hapo baruapepe haijawahi kuwa mali ya kampuni yoyote. Wewe unahudumiwa na huyu, mimi nahudumiwa na yule, na barua inafika, kwa sababu wote wanafuata itifaki zilezile, yaani kanuni za kompyuta kuwasiliana, zilizo wazi kwa kila mtu.

Intaneti yenyewe ilijengwa kwa fikra hiyo. Miaka ya 1960 Paul Baran wa taasisi ya RAND, Marekani, alikuwa akitafuta namna ya kujenga mtandao wa mawasiliano ambao ungeendelea kufanya kazi hata sehemu zake zikiharibiwa kwa mabomu. Jawabu lake lilikuwa kuunyima mtandao kitovu: ujumbe ukatwe vipande, na kila kipande kitafute njia iliyo wazi. Tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa ARPANET, mtangulizi wa intaneti, ulihamia kwenye itifaki za TCP/IP, ambazo ziliwezesha mitandao ya kila aina kuungana. Na tarehe 30 Aprili 1993 CERN, kituo cha utafiti ambako Tim Berners-Lee alibuni wavuti, kikaikabidhi teknolojia hiyo kwa umma bila malipo.

Kwa hiyo watu wanapoizungumzia intaneti iliyogatuliwa, yaani isiyo na kitovu kimoja, kama mgeni anayekuja, mimi huwakumbusha kwamba ilizaliwa hivyo. Nyaya na itifaki za chini bado zimetawanyika. Kilichokusanyika mikononi mwa wachache ni tulichokijenga juu yake: mahali pa kuandikia, pa kuwekea picha, pa kutafutana. Na tulikwenda huko kwa hiari, kwa sababu kuendesha seva yako, yaani kompyuta inayowahudumia wageni wa tovuti, ni kazi, na wasomaji tayari walikuwa kule.

Gharama yake ilionekana tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipozimika pamoja kwa takriban saa sita. Hitilafu ilianzia kwenye matengenezo ya mtandao wa ndani wa kampuni, kisha seva zake za DNS, zile zinazogeuza majina kuwa anwani, zikaacha kuonekana na dunia nzima. Intaneti haikuzimika siku ile. Tovuti nyingine zilifunguka, baruapepe zilikwenda. Lakini kwa aliyekuwa amehamishia biashara, familia na marafiki kwenye nyumba hiyo moja, ilikuwa kana kwamba imezimika.

Sasa ushauri. Ukichukua mmoja tu, chukua huu: sajili domeni yako, yaani jina la tovuti lililo chini ya mamlaka yako. Paul Mockapetris alipobuni mfumo wa DNS mwaka 1983, alilitenga jina na mashine. Maana yake ni kwamba unaweza kuihama kampuni inayohifadhi tovuti yako ukaenda kwa nyingine, jina likabaki, na viungo vyote ambavyo watu wamewahi kuviweka vikaendelea kufika kwako. Tangu nianze upya nimehama mara mbili, na hakuna msomaji aliyeniuliza umepotelea wapi. Anwani ya baruapepe nayo iweke kwenye domeni hiyo, ili usije ukalazimika kuwatangazia watu wote anwani mpya siku ukiachana na anayekuhudumia.

Hata hivyo domeni si mali yako ya milele; unaikodi, na muda ukiisha bila kulipa, mtu mwingine anaweza kuichukua. Washa malipo ya kujirudia. Na akaunti yako kwa msajili, yaani kampuni unayoikodi domeni kwake, usiifungue kwa baruapepe inayotegemea domeni hiyohiyo: domeni ikikatika, ile barua ya kukuonya nayo haitakufikia. Mtu wa karibu yangu alinaswa na jambo hilo, na aliikosa domeni yake kwa uchungu mwingi.

Maandishi yako yaanzie nyumbani. Andika kwenye faili la kawaida katika kompyuta yako, lichapishe kwenye tovuti yako, ndipo ulisambaze kwenye mitandao ya kijamii unayoitaka. Weka pia RSS, mlisho unaomletea msomaji kila chapisho jipya la tovuti, ili akufuate bila kupitia kwa mtu wa kati, na orodha ya baruapepe ambayo unaweza kuipakua. Mitandao ya kijamii sijaiacha. Huko ndiko watu waliko. Nimeacha tu kuifanya ghala.

Vipi kuhusu mitandao mipya iliyogatuliwa? Ninaitumia na ninaipenda. Mastodon, kwa mfano, hufuata itifaki ya ActivityPub, ambayo W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, iliipitisha kuwa kiwango rasmi mwaka 2018, na inafanya kazi kama baruapepe: seva nyingi, za wamiliki mbalimbali, zinazungumza. Lakini nilijiunga na seva ndogo bila kuuliza nani anailipia. Alikuwa mtu mmoja, mwenye moyo mwema, akachoka. Alitupa notisi ya miezi mitatu, jambo ambalo ule mtandao mkubwa haukunifanyia. Nikahamia seva nyingine na wafuasi wangu wakaja nami, lakini machapisho ya zamani hayahami, yakabaki kule mpaka seva ikazimwa. Kabla hujajiunga na seva yoyote, soma inaendeshwa na nani, inapata wapi fedha, na itawaaga vipi watu wake ikifungwa. Kisha ichangie, hata kidogo.

Kuhusu blokucheni, daftari la kumbukumbu linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, nitasema kwa ufupi. Tangu waraka wa Bitcoin, sarafu ya kidijitali inayoitumia, ulipotolewa mwaka 2008, wengi wamekuwa wakiahidi kwamba kila kitu kitahamia huko. Kwa mwandishi au mwalimu, mimi sioni faida. Ukipoteza ufunguo wako wa siri hakuna wa kukurudishia, na watu wengi huishia kuitumia kupitia kampuni chache kubwa, yaani wamerudi palepale walipotaka kutoka. Anayekuuzia ugatuzi muulize swali moja: nikitaka kuondoka kesho, naondoka na nini?

Masomo yangu, kwa bahati, hayakufa yote. Niliwaandikia wale 42 nikawaomba chochote walichokihifadhi. Wakawauliza wenzao. Picha za skrini zikaanza kuingia, nakala zilizochapishwa na kupigwa picha, faili ambazo mtu alizipakua ili asome bila intaneti. Mengine niliyapata kwenye Internet Archive, ambayo imekuwa ikihifadhi kurasa za wavuti tangu mwaka 1996. Mpaka leo nimerudisha masomo 260 na kidogo. Mwezi uliopita limefika la kugawanya sehemu kwa sehemu, kutoka kwa mwanafunzi ambaye siku hizi naye anafundisha. Alikuwa amelinakili kwa mkono kwenye daftari, na pembeni, kwa wino mwekundu, amesahihisha hatua ya tatu niliyokuwa nimeikosea. Nimelipandisha kwenye tovuti likiwa na sahihisho lake.